Mfadhili Akija Kijijini: Mwongozo Kamili wa Kuhakikisha Akiondoka, Ujuzi Unabaki

Mwaka wangu wa kwanza kwenye miradi ya maji nilitumwa kijiji kimoja kuangalia kwa nini pampu ya mkono haitoi maji. Nafika nakuta akina mama wanachota mtoni pamoja na ng'ombe, pampu ipo imesimama, kisima kina maji ya kutosha, kilichokufa ni raba moja ndani ambayo haizidi ukubwa wa kiganja. Na raba mpya ilikuwepo, mwenyekiti alikuwa nayo kabatini kwake toka siku ya uzinduzi. Kilichokosekana ni spana. Spana ilikuwa moja, ilikaa kwenye gari la mradi, na mradi ulishafunga ofisi. Miezi saba watu walikunywa maji ya mto kwa ajili ya spana.

Toka siku hiyo mtu akiniambia "mradi huu unajenga uwezo" namuuliza swali moja tu, spana anayo nani? Namaanisha spana yenyewe na namaanisha pia daftari la pesa, kadi ya benki, namba ya simu ya muuza spea, funguo za stoo. Kujenga uwezo ni vitu hivyo kuhamia mikononi mwa wenyeji mapema, wakati mfadhili bado yupo, ili wakikosea kuwe na mtu wa kuwaelekeza.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya viongozi wa vijiji, kamati za maji, asasi ndogo za wilayani na watumishi wa halmashauri wanaopokea miradi. Mifano mingi ni ya maji mana ndo kazi ninayoijua, ila ukiwa kwenye afya, kilimo au elimu utajiona humo humo. Na haya mambo sa hivi yana haraka kuliko zamani. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa ghafla, na tarehe 1 Julai 2025 USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa rasmi. Kuna huduma zilisimama ndani ya wiki mana kila kitu, kuanzia mshahara wa mhudumu mpaka mafuta ya gari, kilikuwa kinatoka kwenye mradi. Pale ambapo kazi ilishahamia kwa watumishi wa kituo na bajeti ya serikali, walitetereka lakini waliendelea.

Hatua ya kwanza: jijueni kabla mgeni hajafika

Watu wengi wanaanza kufikiria siku gari la mradi linapoingia kijijini, hapo mmeshachelewa. Kaeni mapema na serikali ya kijiji mwandike vitu vitatu. Kwanza shida zenu kwa mpangilio, ipi ya kwanza ipi ya pili. Pili watu mlionao, na hapa msiangalie vyeti tu. Fundi baiskeli anajua beringi na nati kuliko mtu yeyote. Mama anayeendesha vikoba miaka kumi bila pesa kupotea ni mhasibu tayari. Mwalimu mstaafu ana muda na anaandika vizuri. Binti aliyemaliza kidato cha nne na hajaolewa mbali anaweza kushika daftari. Tatu, andikeni miradi iliyopita hapo kijijini, ilileta nini, ipo wapi sasa, ilikufaje. Hiyo orodha ya tatu ndo silaha yenu kubwa kwenye kikao.

Tanzania tuna utaratibu wa Fursa na Vikwazo katika Maendeleo ambao unatakiwa uzae mpango wa kijiji. Kama mpango wenu upo kwenye faili na una vumbi, toeni, usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, urekebishwe, upigwe muhuri. Mana wafadhili wenyewe walishaahidi kufuata mipango ya wenyeji, waliandika Paris mwaka 2005, wakarudia Accra 2008 na Busan 2011. Msiombe radhi kuwakumbusha. Mnasema kwa adabu tu: "Tunashukuru kwa kuja, mpango wetu ni huu, tunaomba mradi wenu uingie humu."

Na hili tatizo si la kijiji peke yake, taifa zima lilipitia. Miaka ya 90 mahusiano ya Tanzania na wafadhili yaliharibika mpaka likaundwa kundi la wachumi likiongozwa na Mkanada Gerald Helleiner, ripoti yao ikatoka 1995, na ujumbe mkubwa ulikuwa kwamba wafadhili wameshika usukani wa miradi mno na serikali imeachia. Kilichofuata ni miaka mingi ya kurudisha usukani kidogo kidogo. Kwa hiyo kijiji kikidai kushika mpango wake hakifanyi ukorofi, kinafanya kilekile ambacho nchi ilikuja kukifanya.

Hatua ya pili: kikao cha kwanza, maswali lazima yaulizwe

Kikao cha kwanza kina soda na heshima nyingi, na watu wanaogopa kuuliza wasije wakaonekana hawana shukrani mradi ukaenda kijiji cha jirani. Naielewa hiyo hofu kabisa. Ila nimekaa upande wa pili wa meza pia, nakwambia afisa mradi makini anafurahi sana akikuta kijiji kinauliza, mana anajua kazi yake haitakufa.

Ulizeni mradi unaisha tarehe gani, tarehe kamili na mwezi wake, sio "miaka mitatu hivi". Ulizeni nani ataajiriwa na nani atamlipa, na mradi ukiisha nani ataendelea kumlipa. Kifaa kinachokuja, spea zake zinauzwa duka gani na mji gani, na bei yake leo. Vitu vikinunuliwa, je kuna mtu wa kijiji au wa halmashauri atakaa kwenye ununuzi? Gari, pikipiki, kompyuta, mwisho wa mradi ni mali ya nani? Majibu yote yaingie kwenye muhtasari, muhtasari usainiwe pande zote, nakala ibaki kwa mtendaji wa kijiji na nyingine iende halmashauri. Jibu likiwa "hilo tutaliangalia baadaye" liandikwe hivyo hivyo na tarehe ya kuliangalia.

Hatua ya tatu: chagueni kifaa ambacho mtu wenu anaweza kukifungua

Hapa nitakaa kidogo mana ndo penye mzizi.

Mwaka 1971 Mwalimu Nyerere na chama walitangaza kwamba ndani ya miaka 20 kila Mtanzania apate maji safi karibu na nyumbani. Wafadhili wakaja, kila mmoja na mkoa wake. Finland ikachukua Mtwara na Lindi, Waholanzi Shinyanga, Waswidi kanda ya ziwa ambako baadaye, kuanzia 1985, waliendesha mradi wa HESAWA. Kila mmoja alikuja na pampu zake, mashine zake, mainjinia wake. Visima vilichimbwa vingi mno. Ila fundi aliyejifunza pampu ya mkoa huu akihamia mkoa ule anakuta pampu nyingine kabisa, spea hazifanani, na maji yalikuwa bure kwa hiyo hakuna hata mfuko wa kununulia hizo spea. 1991 ikafika, lengo halikufikiwa. Na hata baadaye, serikali ilipopima vituo vya maji vijijini nchi nzima mpaka 2013, karibu vinne katika kila kumi vilikuwa havitoi maji.

Sasa angalia Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, Msambweni na vijiji vya jirani. Miaka ya 80 mwanzoni kulikuwa na mradi wa kujaribu pampu za mkono, pesa za Waswidi, wataalam wa UNDP na Benki ya Dunia, wizara ya maji ya Kenya, na shirika la Kikenya la KWAHO ambalo kazi yake ilikuwa kukaa na wananchi. Swali lao lilikuwa tofauti kidogo na la wengine. Badala ya kutafuta pampu gani ni imara zaidi, waliuliza pampu gani inaweza kutengenezwa na watu wanaoitumia. Na wanaoitumia ni akina mama. Kwa hiyo majaribio ya pale Kwale pamoja na yale ya Malawi yakazaa pampu inaitwa Afridev, ambayo unaifungua kwa spana moja, bomba za chini ni plastiki kwa hiyo maji ya chumvi ya pwani hayazili, na pistoni pamoja na valvu ya chini unazivuta juu kupitia ndani ya bomba bila kung'oa bomba zima. Inafanya kazi mpaka kina cha mita 45 hivi. Raba na bushi vinavyochakaa ni vidogo na vya bei ya kawaida. Na mchoro wake haukufungiwa, kiwanda chochote kinaweza kuitengeneza, ndo mana unaikuta Msumbiji, Ethiopia, Pakistan na kwingineko. Akina mama wa Kwale wakafundishwa kuitunza na kuifungua wenyewe.

Kwa hiyo mfadhili akiwaonyesha kifaa kizuri, fanyeni hivi. Mwambieni alete kimoja cha mfano. Kiwekwe chini ya mti. Fundi baiskeli wenu na akina mama wawili waelekezwe mara moja, halafu wakifungue na kukirudisha wenyewe huku injinia amekaa pembeni kimya. Wakishindwa kabisa, hicho kifaa hakiwafai kwa sasa au mnahitaji mkataba wa matengenezo na fundi wa mbali, na gharama yake ijulikane mapema. Pampu ya sola ni nzuri, siipingi, ila kontrola yake ikiungua hakuna fundi baiskeli atakayeiweza, kwa hiyo lazima mjue kampuni gani itakuja na baada ya siku ngapi.

Na msiende kwenye upande mwingine mkadhani kijiji kinaweza kila kitu chenyewe. Kwale hiyo hiyo, miaka mingi baadaye, pampu nyingi zilikuwa zikiharibika zinakaa wiki na wiki. Ikaanzishwa huduma ya FundiFix, hapo Kwale na Kitui, mafundi wenyeji wenye pikipiki na stoo ya spea, watumiaji wanalipa kidogo kila mwezi na pampu ikiharibika inatengenezwa kwa kawaida ndani ya siku tatu. Michango ya watumiaji haitoshi yote, kuna mfuko unaojazia. Mi naona huo ndo ukweli wa maji vijijini: kijiji kinatunza, fundi wa eneo anatengeneza, na kuna mtu wa juu anajazia pesa. Muwe na uhakika wa hivyo vitatu vyote.

Hatua ya nne: nani anafundishwa, na anafundishwaje

Semina ya siku tatu hotelini mjini haijengi uwezo. Nimehudhuria nyingi, nimeandaa nyingi, nasema kwa uchungu. Watu wanaokuja ni wale wale kila mradi, mana posho ipo, na yule mama atakayeshika pampu yuko shambani hata hajui kama semina ilikuwepo. Sipingi posho, mtu akiacha kazi zake lazima ale na nauli irudi. Ila posho ikiwa ndo sababu ya kwenda, ujuzi haurudi kijijini.

Chagueni watu kwenye mkutano mkuu wa kijiji, hadharani. Sifa ya kwanza awe mkaaji, mtu ambaye miaka mitano ijayo atakuwa bado yupo. Kijana machachari anayeongea vizuri mara nyingi akipata cheti anaondoka mjini, na ni haki yake. Sifa ya pili awe na sababu ya kujali, na kwenye maji hakuna anayejali kuliko anayebeba ndoo. Chagueni watatu kwa kila kazi, asiwe mmoja. Mmoja ataumwa, mmoja atahama.

Mafunzo yafanyike hapo hapo kwenye kifaa chenyewe. Sheria niliyojiwekea: fundi hajahitimu mpaka afungue na kufunga pampu mara tano, mara mbili za mwisho bila mkufunzi kusema neno. Halafu amfundishe mwenzake huku mkufunzi anaangalia. Mtu akiweza kufundisha hapo ujue kitu kimeingia. Baada ya miezi mitatu mkufunzi arudi, baada ya sita arudi tena. Hizo safari za kurudi ziwe kwenye bajeti toka mwanzo, mana ndo kitu cha kwanza kukatwa pesa zikipungua.

Wale wa ngazi ya wilaya na taifa mnaoletewa mtaalam wa nje, kanuni ni ile ile. Mtaalam asiandike ripoti peke yake ofisini. Awe na mtu wenu pembeni, mwenye jina, mwenye muda (sio mtumishi mwenye kazi nyingine sita), na mkataba useme mwezi wa kwanza mtaalam anafanya mwenzake anaangalia, mwaka wa kwanza ukiisha mwenzake anafanya mtaalam anaangalia, mwaka wa pili mtaalam anapigiwa simu tu.

Mfano wa kunitia moyo ni Ifakara. Mwaka 1957 Mswisi Rudolf Geigy alianzisha maabara ndogo ya utafiti pale bonde la Kilombero. Ingeweza kubaki kituo cha wageni kuja kukusanya mbu na kuondoka. Ila kidogo kidogo vijana wa Kitanzania waliingia kwenye utafiti wenyewe, wakasoma mpaka udaktari huku swali la utafiti wao likiwa ni malaria ya pale pale Kilombero, na kituo kikaja kuwa taasisi ya Kitanzania yenye bodi yake, leo tunaiita Ifakara Health Institute. Dk. Andrew Kitua aliyeiongoza akatoka kwenda kuongoza NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Dk. Hassan Mshinda aliyekuja baadaye akaenda kuongoza COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Yani uwezo uliojengwa kijijini Ifakara ulimwagika mpaka ngazi ya taifa. Lakini hesabu miaka: ni zaidi ya 30 toka ile maabara ndogo mpaka wenyeji kushika uongozi. Mradi wa miaka mitatu unaosema utajenga taasisi, muulizeni nani atashika mwaka wa nne.

Hatua ya tano: pesa zipite mikononi mwenu

Hii watu wengi hawapendi kuisikia. Kijiji ambacho mradi mzima kimeona saruji na bomba lakini hakijawahi kuona bajeti, siku ya makabidhiano hakina uwezo wowote wa pesa. Mhasibu anajifunza kwa kushika vocha.

Ombeni hata sehemu ndogo ya bajeti iendeshwe na nyie. Ununuzi wa kokoto na mchanga, malipo ya vibarua, chakula cha mafunzo. Mkikosea, mnakosea kwenye kidogo na kuna mtu wa kuwasahihisha. Serikali yetu ilifanya kitu kama hicho kwenye afya: kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 pesa za mfuko wa pamoja wa wafadhili wa afya zilianza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za benki za zahanati na vituo vya afya badala ya kuishia halmashauri. Kabla ya hapo mganga wa zahanati aliandika maombi ya dawa na kusubiri. Baada ya hapo ilibidi yeye na kamati yake wakae, wapange, watie saini, waingize matumizi kwenye mfumo wa hesabu. Wengi walihangaika mwanzoni, na huko kuhangaika ndo kujifunza kwenyewe.

Sasa hesabu ya maji, fanyeni pamoja ubaoni kwenye mkutano, msiletewe imepigwa tayari. Sera ya maji ya 2002 ilisema kituo kimoja kihudumie watu 250, kisizidi mita 400 toka nyumbani, na kila mtu apate lita 25 kwa siku. Kwa hiyo 250 mara 25 ni lita 6,250. Gawanya kwa ndoo ya lita 20 unapata ndoo 312 na kitu. Tuchukulie ndoo ni shilingi 20, huo ni mfano tu. Kwa siku inakuwa 6,240, kwa mwezi wa siku 30 ni 187,200. Inapendeza sana, ila usiandike hiyo kwenye bajeti. Masika watu wanakinga ya mvua, wazee wengine mtakubaliana wachote bure, wengine watachota kidogo. Weka nusu, 93,600. Hiyo nusu ndo mnaanza kuigawa: anayekaa kituoni apate nini, fundi apate nini kila anapoitwa, spea, na akiba ambayo haiguswi. Nendeni dukani kabisa muulize bei za spea zote, mjue kwa mwaka zinakula kiasi gani. Ikionekana haitoshi, afadhali mjue mradi ukiwa bado upo mkabadilisha bei au kifaa.

Bei msipange kienyeji, kaeni na RUWASA wilaya, yani wakala wa serikali wa maji vijijini. Pesa zisikae nyumbani kwa mtu hata awe mwaminifu kiasi gani, ziende benki, watia saini watatu na angalau mmoja awe mama. Kila mkutano mkuu wa kijiji, yani kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe kwa sauti na karatasi ibandikwe ofisini. Nimeona kamati zikivunjika kwa sababu ya laki moja isiyoelezwa, na mara nyingi haikuibwa, hakukuwa na risiti tu.

Hatua ya sita: msijenge kamati ya mradi pembeni ya serikali

Mradi unapenda kuunda kamati yake mpya, ina jina zuri, fulana, na inafanya kazi haraka. Mradi ukiisha kamati haina mama wala baba. Kwenye maji, sheria namba 5 ya mwaka 2019 ilianzisha RUWASA na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, tunaviita CBWSO, na chombo hicho kinatakiwa kuajiri watu wenye taaluma kama fundi na mhasibu. Kwa hiyo mwambieni mfadhili afundishe watu wa CBWSO, vifaa viandikwe kwenye rejista yake, takwimu ziende RUWASA wilaya kila mwezi. Mnaweza kuona inachelewesha, mana serikali ina barua nyingi. Vumilieni. Mimi nimeona pampu inatengenezwa miaka sita baada ya mradi kuisha kwa sababu tu ilikuwa kwenye orodha ya wilaya na injinia aliijua ipo.

Diwani na mtendaji wa kata wapewe taarifa toka mwanzo, wasije wakasikia siku ya uzinduzi.

Hatua ya saba: neno kwa asasi ndogo za wilayani

Kama asasi yenu inapewa kipande cha mradi na shirika kubwa, jihadharini na bajeti inayolipa shughuli tu bila kulipa ofisi. Kodi ya pango, umeme, mkaguzi wa hesabu, mhasibu, hivyo navyo ni uwezo. Ombeni fungu la uendeshaji bila aibu. Mashirika makubwa yenyewe yanalipwa. Kwenye pesa za serikali ya Marekani kiwango cha kawaida cha fungu hilo kwa asiye na makubaliano maalum kilikuwa asilimia 10, kikapanda kuwa 15 kuanzia Oktoba 2024. Na mwaka 2016 wafadhili wakubwa na mashirika ya misaada ya dharura waliahidi angalau robo ya pesa ifike kwa mashirika ya wenyeji kwa njia fupi iwezekanavyo, na ahadi hiyo mpaka leo wengi hawajaitimiza, kwa hiyo endeleeni kuidai.

Hesabu zikaguliwe kila mwaka hata kama hakuna anayedai. Nyaraka za usajili, sera ya fedha, mihtasari ya bodi, vikae sehemu moja. Na mkimfundisha mtu akachukuliwa na shirika kubwa kwa mshahara mara tatu, msimchukie, ila muwe na utaratibu kwamba kila kazi ina daftari la maelekezo ambalo mwingine anaweza kulisoma Jumatatu akaendelea.

Hatua ya nane: anzeni kuagana mwaka mmoja kabla

Makabidhiano ya siku moja yenye mgeni rasmi na utepe hayatoshi. Mwaka mmoja kabla ya tarehe ya mwisho, andikeni kila kazi inayofanywa na mradi na jina la atakayeipokea. Nani atapiga simu kwa muuza spea. Nani atapima maji. Nani atapeleka ripoti wilayani. Kila mwezi hamisheni kazi mbili au tatu.

Halafu, miezi sita kabla, fanyeni jaribio. Watu wa mradi wasifike kijijini miezi mitatu mfululizo. Wapokee simu lakini wasije. Kitakachoharibika hicho kipindi ndo orodha yenu ya mambo ya kumalizia. Najua afisa mradi ataogopa mana ana malengo ya robo mwaka, ila ni afadhali aone upungufu bado ana bajeti ya kurekebisha.

Siku ya makabidhiano yenyewe hakikisheni mna mkononi: ramani ya mabomba au rekodi ya uchimbaji wa kisima (kina, kiwango cha maji, aina ya bomba), majibu ya vipimo vya maji, hati ya ardhi au makubaliano na mwenye shamba, orodha ya mali, maduka ya spea na bei, na barua kwamba vifaa ni mali ya chombo chenu. Nakala moja kijijini, moja CBWSO, moja wilayani. Na zipigwe picha ziwe kwenye simu za watu wasiopungua watatu, karatasi zinaliwa na mchwa.

Spana ziwe tatu. Moja kwa fundi, moja kwa fundi wa pili anayekaa kitongoji kingine, moja ofisini kwa mtendaji kwenye msumari ukutani, na chini ya huo msumari yaandikwe majina ya wenye zile mbili na namba zao za simu, kwa rangi ya mafuta ili yasifutike.